Nimeshusha ruuti kwenye programu yangu, mbona bado inasoma faili la ruuti?

#1 fundi_mbale
Wakuu salaam. Niko Mbale. Nimeuandikia ushirika mmoja wa akiba na mikopo programu ya C inayopokea SMS za wanachama. Mtu anatuma neno SALIO, programu inamjibu ana kiasi gani. Inakaa kwenye kompyuta ndogo ya Debian (aina ya Linux) chumba cha nyuma, pembeni ya betri. Inaanza kama ruuti (root, mtumiaji namba 0, mkuu wa mashine) kwa sababu mbili tu: inafungua modemu (/dev/ttyUSB0), na inasikiliza poti 443, ya HTTPS, ili mhasibu aone ripoti kwa simu yake. Ikishamaliza hayo inajishusha, yaani inabadili mtumiaji wake (setuid) na kundi lake (setgid):

setuid(1001);
setgid(1001);

1001 ni mtumiaji niliyempa jina la sms. Hana neno la siri wala haruhusiwi kuingia kwenye mashine. Nikajiona nimemaliza. Wiki iliyopita bodi ikamleta kijana kutoka Wandegeya aujaribu mfumo. Siku ya pili akarudi na karatasi aliyochapa mistari minne ya kwanza ya /etc/sms/ufunguo.pem, ufunguo wa siri wa HTTPS. Faili hilo ni la root:root (mwenye faili, kisha kundi), ruhusa zake 640. Kumuuliza amepita wapi, anasema ripoti kamili atatoa akimaliziwa hela yake, laki moja na nusu. Bodi inasema ripoti kwanza, hela baadaye. Mimi niko katikati kama nyasi za tembo.

Mtu aliyeshuka mpaka 1001 anasomaje faili la ruuti?

#2 nakuja_baadaye
Nimekaa siti ya mbele. Rolex ya chapati mkononi, chai iko njiani.

#3 BintiArua
Umepindua mpangilio. Ukishaita setuid umeshapoteza haki ya kubadili kundi. Kwa hiyo setgid yako inarudisha -1 na kosa la EPERM (huruhusiwi), wewe huangalii jibu, programu inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Matokeo yake kwa upande wa mtu wewe ni 1001, kwa upande wa kundi bado ni 0. Sasa tazama 640 yako: ile 4 ya katikati ni ya kundi. Faili ni la kundi root, nawe bado uko kwenye kundi root. Huyo kijana hata hakuhitaji kutoa jasho.

Hakikisha mwenyewe, weka namba ya mchakato (programu inayokimbia):

grep -E 'Uid|Gid|Groups' /proc/NAMBA/status

#4 Mzee_wa_Bombo
Dada wa Arua amesema kweli ila ameacha kipande. Kuna kundi kuu, halafu kuna makundi ya ziada. Hata ukirekebisha setgid, makundi ya ziada hayaguswi mpaka uite setgroups. Kwa hiyo: setgroups kwanza, setgid ifuate, setuid iwe ya mwisho. Ukitupa ufunguo wa stoo kabla hujaifunga stoo, utaifunga na nini?

Sisi tuliokulia kambini tuliona hili kwa macho. Mtu anastaafu, anarudisha magwanda, anarudisha buti, watu wanampigia makofi. Jioni unamkuta kantini ya maafisa, kadi iko mfukoni, na mhudumu anaitika "ndiyo afande". Magwanda ndiyo UID, namba ya mtumiaji. Kadi ndiyo makundi.

Kama programu inaanzishwa kwa mkono kupitia sudo (amri ya kuendesha kitu kama ruuti) inabeba makundi yote ya ruuti, na kuna Linux ambazo ruuti mwenyewe yuko kwenye kundi la disk. Alpine ni mojawapo. Mwenye kundi la disk anasoma diski yote nyuma ya mgongo wa ruhusa za mafaili. Hapo ufunguo.pem ni mchezo wa watoto.

#5 fundi_mbale
Aibu yangu.

Uid: 1001 1001 1001 1001
Gid: 0 0 0 0
Groups: 0

Narekebisha sasa hivi. Asanteni sana.

#6 nakuja_baadaye
Uzi umekufa bandiko la tano? Hata chai haijafika.

#7 kaka_kikuubo
Mnampa kazi bure. Weka kila kitu ndani ya Docker, inayofungia programu kwenye kontena yake, lala usingizi. Na hayo mambo ya kuangalia setuid imerudisha nini ni woga wa vitabuni. Ukiwa ruuti setuid haishindwi. Nimeandika programu miaka tisa sijawahi kuiona ikishindwa.

#8 BintiArua
#7 hujawahi kuiona kwa sababu huangalii, kaka.

Mwaka 2010 simu za Android zilifunguliwa ruuti kwa kosa hilo hilo. Programu ya adb kwenye simu (inayopokea amri za kompyuta) ilikuwa inaanza kama ruuti, kisha inaita setuid ishuke kwa mtumiaji wa kawaida, bila kuangalia jibu. Wadukuzi wakaijaza simu michakato ya yule mtumiaji wa kawaida mpaka akafika kikomo cha michakato anayoruhusiwa. Wakaiua adb. Ikaanza upya kama ruuti, ikaita setuid, kerneli (moyo wa mfumo) ikakataa kwa kuwa mtumiaji yule amejaa, adb ikaendelea na safari ikiwa ruuti vilevile.

#9 mhandisi_jinja
Kwa faida ya anayesoma: kuanzia Linux 3.1 kikomo hicho hakikaguliwi tena ndani ya setuid, kimehamishiwa kwenye execve (wito wa kuanzisha programu nyingine). Kwa hiyo kwenye Debian ya leo mlango ule umefungwa. Ila hoja ya BintiArua inabaki, angalia jibu.

Na kuhusu Docker. Ruuti wa ndani ya kontena, usipowasha utengano wa watumiaji, ni UID 0 ile ile ya mashine. Amewekewa kuta na kapunguziwa uwezo fulani, lakini namba ni ile ile. Na ukimwingiza mtu kwenye kundi la docker umempa ruuti ya mashine nzima, maana anaweza kuanzisha kontena inayobeba diski yote. Kwa hiyo ushauri wako ungemwongezea fundi kundi jingine la kushusha.

#10 kaka_kikuubo
Kale ssebo, nimesikia. Ila miaka tisa ni miaka tisa.

#11 mwl_tanga
Samahani, mimi mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka. "Kushusha ruuti" si sahihi. Unamshusha mtu cheo, au unamvua madaraka. Ruuti yenyewe haishuki, anayeshuka ni mchakato. Semeni "kuvua mamlaka".

#12 Mzee_wa_Bombo
Mwalimu karibu. Uganda hii Kiswahili kilitufikia kwa njia ya kambi na njia ya soko, kwa wengi wetu kikakosa nafasi ya kupita shuleni. Kukifanya somo la lazima ni jambo la juzi tu. Sisi tunashusha mizigo, tunashusha bendera, tunashusha na ruuti. Lakini hilo la kuvua nimelipenda, maana nguo unaweza kuivua nusu, na hapo ndipo seteuid inapoingia. Nitalieleza nikirudi kutoka msikitini.

#13 fundi_mbale
Wakuu, nimerudi na sura nyingine kabisa.

Nimefanya yote. setgroups(0, NULL), setgid, setuid, kila moja naangalia jibu, ikishindwa programu inajizima. Nimeanzisha upya. Status sasa:

Uid: 1001 1001 1001 1001
Gid: 1001 1001 1001 1001
Groups: (tupu)

Nikatengeneza ufunguo mpya. Nikampigia kijana, nikamwambia kwa madaha kwamba nimeziba. Akacheka tu. Leo asubuhi amenitumia kwa WhatsApp mistari minne ya ufunguo MPYA.

#14 nakuja_baadaye
Chai imefika. Endeleeni.

#15 mhandisi_jinja
Banange.

Kabla ya falsafa: ls -l kwenye folda nzima, si kwenye faili tu. Ulipouhariri ufunguo au mipangilio, kihariri chako hakikuacha nakala? Nimeona mashine ambayo ufunguo.pem una 600 na pembeni yake ufunguo.pem~ ina 644, imekaa hapo mwaka mzima.

#16 fundi_mbale
Nimeangalia. Hakuna nakala. Folda yenyewe ni 750 root:root.

#17 rafiki_wa_lira
Mimi nasema vishikio vya faili, zile namba ambazo programu inashikia mafaili iliyoyafungua. Kuvua mamlaka hakufungi mafaili yaliyofunguliwa tayari. Ruhusa inakaguliwa wakati wa kufungua, si wakati wa kusoma. Programu yako inaufungua ufunguo ikiwa ruuti ili iwashe HTTPS, kweli au uongo? Kama kishikio kimebaki wazi, mchakato wa 1001 anakisoma mpaka asubuhi. Tazama ls -l /proc/NAMBA/fd. Mdukuzi akiingia ndani ya programu anapita /proc/self/fd/5, kwa mfano, anafungua faili hilo upya bila kuulizwa.

#18 BintiArua
Nusu ya #17 ni kweli, nusu naikataa. Kishikio kikibaki wazi kinasomeka, hilo ni kweli. Ila kwa faili la kawaida, ukilifungua upya kupitia /proc/self/fd kerneli inakagua ruhusa za faili upya, na 1001 atakataliwa. Lazima akitumie kishikio chenyewe, na kwa hilo anahitaji kuendesha maagizo yake ndani ya mchakato ule. Au ndani ya mtoto wake, kama kishikio hakikuwekewa O_CLOEXEC (kijifunge programu nyingine ikianzishwa), maana hapo watoto wote wanakirithi.

Fundi, programu yako inazaa watoto, yaani inaanzisha michakato mingine? fork, popen, system?

#19 fundi_mbale
Nimeona kishikio namba 6 ni ufunguo.pem. Maktaba ya HTTPS imekiacha wazi, au mimi ndiye sikukifunga. Nakifunga leo.

Watoto ndiyo, wapo. Nitaeleza.

#20 Mzee_wa_Bombo
Nimerudi. Zile namba nne kwenye mstari wa Uid, kwa vijana: ya kwanza ni mtumiaji halisi, ya pili ni anayetumika sasa, ya tatu ni aliyehifadhiwa, ya nne ni ya mafaili. Ruuti akiita setuid(1001), zile tatu za kwanza zote zinabadilika na ya nne inafuata ya pili. Hapo hakuna kurudi. Akiita seteuid(1001) inabadilika ya pili peke yake, na ya nne inaifuata. Utaona 0 1001 0 1001. Huyo amevua shati tu, suruali ya jeshi iko mwilini. Akitaka anaita seteuid(0) anarudi. Na mdukuzi akiingia ndani yake anaita hiyo hiyo, haulizwi neno la siri.

Mimi natumia setresuid(1001,1001,1001) na setresgid hivyo hivyo. Unataja zote tatu kwa jina, hakuna kukisia. Mwaka 2002 Hao Chen, David Wagner na Drew Dean walichunguza familia hii ya setuid kwenye Linux, Solaris na FreeBSD, wakakuta jina moja lina tabia tofauti kila mahali. setresuid ndiyo waliyoiona ina maana iliyo wazi.

Ila tahadhari moja. Kwake yeye -1 maana yake ni "acha ilivyo". Mwaka 2019 sudo iliumbuka hapo. Mtu aliyeruhusiwa kuendesha amri kama mtumiaji yeyote isipokuwa ruuti, aliomba kuwa mtumiaji namba -1. sudo ikaona si ruuti, ikapitisha. Mfumo ukasoma -1, ukaacha kama ilivyo, na ilivyokuwa ni ruuti.

#21 kaka_kikuubo
Hiyo ya -1 nimecheka peke yangu dukani, wateja wananitazama.

#22 rafiki_wa_lira
Fundi, ukishashuka, jaribu kupanda. Andika setuid(0) baada ya kushuka, na ikifaulu programu ijiue. Usitegemee jibu la kwanza pekee. Kerneli za Linux mpaka 2.2.15 zilikuwa na hitilafu: mtu angeweza kumnyang'anya mchakato ule uwezo wa CAP_SETUID (wa kubadili mtumiaji) kabla haujaanza, kisha setuid ikarudisha 0 kwamba imefaulu, kumbe yule aliyehifadhiwa bado ni ruuti. Sendmail, programu ya barua pepe, ikapigwa kwa njia hiyo mwaka 2000. Hapo hata aliyeangalia jibu alidanganywa.

#23 fundi_mbale
Nimejaribu sasa hivi, setuid(0) inakataa. Nimeshuka kweli.

Watoto baadaye, kwanza modemu. Toleo la kwanza nilitumia seteuid, kwa sababu umeme. Betri inabeba kompyuta tu, modemu iko kwenye hubu inayokula umeme wa ukutani. Umeme ukikata modemu inapotea, ukirudi inakuja kama ttyUSB1, na programu iliyokwisha kushuka haiwezi kuifungua. Nikaona seteuid ni hatari, nikaiacha. Nikaandika sheria ya udev (msimamizi wa vifaa vya Linux): modemu ikibadilika, udev inaita skripti /opt/sms/amsha.sh, nayo inaanzisha programu upya kutoka ruuti.

#24 nakuja_baadaye
Bwawa la umeme la Karuma limezinduliwa 2024, megawati 600, na mtu wa Mbale bado anaandika programu kwa kufuata ratiba ya giza.

#25 kaka_kikuubo
#24 megawati zipo, tatizo ni nyaya. Umeme wa Karuma hauji kwa boda.

#26 mhandisi_jinja
Turudi. Fundi, ruuti huihitaji hata kidogo, na ndiyo maana nashangaa tumefika bandiko la ishirini na sita tunajadili namna ya kuivua.

Modemu: kwenye Debian /dev/ttyUSB0 ni ya kundi la dialout. Mwingize sms kwenye dialout basi. Iwe USB0, iwe USB1, ataifungua mwenyewe saa nane za usiku. Na udev inaweza kukupa jina lisilobadilika, /dev/modemu-sms, usihangaike na namba.
Poti 443: kwenye faili la huduma la systemd (anayeanzisha huduma za mashine) andika User=sms na AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE, ruhusa ya kufungua poti ndogo bila ruuti. Ongeza NoNewPrivileges=yes. Au mwachie systemd afungue poti, akukabidhi ikiwa tayari.

Programu ianze ikiwa sms, iishi ikiwa sms, ife ikiwa sms. Asiyevaa gwanda hana cha kuvua. Mistari yako yote ya setuid unaifuta.

#27 Mzee_wa_Bombo
Mhandisi, hapo tunatofautiana. Umemwondoa ruuti kwenye programu, umemhamishia kwenye systemd, ambaye ni mkubwa zaidi. Tena ukishampa sms kundi la dialout, ukampa na CAP_NET_BIND_SERVICE, anabaki navyo maisha yote. Programu inayoshuka yenyewe inafungua modemu, inafungua poti, kisha inabaki bila kitu chochote isipokuwa vishikio viwili.

Njia ya watu wa OpenBSD, mfumo mwingine wa aina ya Unix, naiheshimu zaidi. Niels Provos aliigawa OpenSSH (programu ya kuingia mashine ya mbali) mara mbili, tangu 2002 ndivyo inavyokuja. Mzazi mdogo anabaki ruuti na kazi chache zinazohesabika, mtoto asiye na kitu ndiye anaongea na dunia. Mtoto akitaka kitu anamwomba mzazi. Fundi angefanya hivyo: mzazi mwenye mistari hamsini, kazi yake ni kufungua modemu tu na kumpitishia mtoto kishikio kupitia soketi. Umeme ukirudi, mtoto anasema "baba, modemu", anapewa.

#28 BintiArua
Mzee kwa heshima, hata huko kuna mashimo. Julai 2024 OpenSSH hiyo hiyo ilipatikana na hitilafu upande wa mzazi. Ishara ya muda kwisha inafika wakati mbaya, mzazi anafanya kazi isiyo salama ndani ya kipokea ishara, na mzazi ni ruuti bila uzio. Kugawa kulisaidia miaka mingi, lakini aliyebaki na ruuti ndiye aliyepigwa.

#29 Mzee_wa_Bombo
Nakubali. Ila kwa miaka ishirini na mbili ya kazi, mimi naita huo ni mlango mzuri.

#30 rafiki_wa_lira
Mnabishana juu ya jengo lingine, ufunguo wa huyu bado unavuja. Mimi nahamia kwenye nyuzi. Fundi, programu ina nyuzi ngapi?

#31 nakuja_baadaye
Huu ni mmoja tu, una mabandiko thelathini na moja.

#32 rafiki_wa_lira
😂 Nyuzi za ndani ya programu, kazi zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato mmoja. Kwenye Linux kerneli inaweka UID kwa kila uzi peke yake. Ukiita setuid ya kawaida, glibc (maktaba ya C ya Linux) inazunguka nyuzi zote na kuzishusha pamoja. Ukiiita kerneli moja kwa moja kwa syscall(), unashusha uzi wako tu, wenzako wanabaki ruuti. Ukisoma /proc/NAMBA/status unaona uzi mkuu pekee. Angalia /proc/NAMBA/task/*/status. Lugha ya Go ilisumbuliwa na jambo hili miaka, syscall.Setuid ilikuwa inakataa kabisa kwenye Linux mpaka toleo 1.16 la 2021.

#33 fundi_mbale
Uzi mmoja tu. Sijui hata kutengeneza wa pili.

#34 rafiki_wa_lira
Basi nimeishiwa. Labda ufunguo uko kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe. Ulisomwa kabla ya kushuka, HTTPS inautumia muda wote, na kushuka hakufuti kumbukumbu. Atakayeifanya programu iteme kipande cha kumbukumbu yake atauona, bila kugusa faili. Hapo maswali ya UID hayana kazi.

#35 BintiArua
Mimi bado nataka kujua kuhusu ile skripti. /opt/sms/amsha.sh. Nani anaimiliki?

#36 fundi_mbale
sms. Folda yote ya /opt/sms ni yake. Mwanzoni logi zilikuwa zinakataa kuandikwa, nikafanya chown -R sms:sms /opt/sms, ikakubali.

#37 BintiArua
Fundi.

Udev ni ruuti. Anaendesha skripti ambayo sms anaweza kuiandika upya. Kwa hiyo sms akiandika mstari mmoja humo, umeme wa jioni ukikatika na kurudi, mstari wake unaendeshwa na ruuti. cp /etc/sms/ufunguo.pem kwenda popote anapopenda. Programu imeshuka sawasawa, namba zote 1001, na mlangoni kuna ruuti anayesoma barua zake.

#38 mhandisi_jinja
Inawezekana, lakini ona ugumu wake. Lazima kwanza awe ndani kama sms. Kijana yuko Wandegeya, mashine iko Mbale. Poti 443 inaonekana nje?

#39 fundi_mbale
Kwa mhasibu tu, mtandao wa ofisi. Ila siku mbili zile kijana alikaa ofisini.

#40 mhandisi_jinja
Ufunguo mpya umetengenezwa alipokwisha kuondoka, sivyo? Ndipo naona nadharia ya skripti ina miguu mifupi. Mimi naweka hela kwenye nakala za usiku. Mashine inafanya nakala? Inazipeleka wapi, na kwa ruhusa gani? Nusu ya siri ninazozijua zimevuja kwenye nakala.

#41 fundi_mbale
Kuna cron (kazi ya ratiba) ya saa sita usiku inayokusanya /etc na kuipeleka kwenye hifadhi ya mwenyekiti. Ya ruuti.

#42 kaka_kikuubo
Mwenyekiti anatumia neno la siri gani? Msijibu.

#43 Mzee_wa_Bombo
Mdogo wangu, kabla hujaendelea: kijana ana barua ya bodi inayomruhusu, yenye tarehe za kuanza na kumaliza? Uganda tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Alichofanya ndani ya siku mbili ni kazi, alichofanya asubuhi ile kwa WhatsApp sijui kinaitwaje. Na akaunti za wanachama ziko chini ya sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019. Bodi imlipe, imalize.

#44 kijana_mlipwaji *(amejiunga leo, bandiko 1)*
Habari za humu. Nimetumiwa kiungo cha uzi huu na mtu wa bodi. Barua ninayo, tarehe hazijaisha. Nitasema moja tu bila malipo: poti 443 sikuigusa hata mara moja.

#45 nakuja_baadaye
BANANGE.

#46 rafiki_wa_lira
Basi HTTPS imetoka. Nadharia yangu ya kumbukumbu imetoka pia, labda.

#47 mhandisi_jinja
Nakala za usiku zimo bado.

#48 BintiArua
Imebaki modemu. Fundi, SMS ikiingia unafanya nini na maandishi yake?

#49 fundi_mbale
Nayachambua, nikikuta SALIO najibu. Kisha naandika kwenye logi kwa system(), inayoendesha amri za mashine: echo ya maandishi yale kwenda faili la siku. Maandishi nayaweka ndani ya alama za nukuu, siyo hivi hivi.

#50 BintiArua
Na mwanachama akiandika alama ya nukuu ndani ya SMS yake, kisha amri?

#51 mhandisi_jinja
Herufi 160 zinatosha kwa mengi. Lakini nasisitiza, hata hivyo angekuwa sms tu, si ruuti. Bado anahitaji ngazi ya pili, na ngazi hizo tunazo tatu hapa: kishikio namba 6 kilichorithiwa na mtoto wa system(), skripti ya udev, na zile nakala. Yoyote inafaa.

#52 rafiki_wa_lira
Kishikio alikifunga kabla au baada ya ufunguo mpya?

#53 fundi_mbale
Baada.

#54 rafiki_wa_lira
Basi nimerudi mchezoni. Namba 6 ilikuwa wazi asubuhi ile, na mtoto wa system() aliirithi. cat <&6 (soma namba 6), kwisha.

#55 BintiArua
Kama maktaba ilikuwa imeshaisoma, kishikio kiko mwisho wa faili. cat ingetoa hewa.

#56 rafiki_wa_lira
Unaweza kukirudisha mwanzo. Kwa herufi 160? Nipe dakika.

#57 kijana_mlipwaji
Fundi, kaka yangu, tuma neno SALIO kwenye namba ya mfumo wako. Usome jibu.

#58 fundi_mbale
Nimetuma. Limerudi hivi: "Ndugu mwanachama, salio lako la Wandegeya ni sh. 150,000."

#59 msimamizi
Hakuna kuweka namba za simu wala funguo humu. Malipo malizaneni huko nje.

#60 BintiArua
Fundi acha kuandika. Chomoa modemu sasa hivi.

#61 fundi_mbale
Ile sheria ya udev sikuiambia ni kuchomeka au kuchomoa. Skripti inakimbia kwa yote mawili.